Mtungi Ulioitwa Mgeni

Kabla sijastaafu ualimu sikuwahi kuingia kwenye makumbusho yetu hata mara moja, ingawa kutoka kwangu Katandala ni mwendo wa dakika ishirini tu kwa miguu. Nilikuwa naipita nyumba ile kila nikienda sokoni. Zamani ilikuwa ghala la mahindi. Ina vyumba vitatu na uwanja nyuma, na mvua ya Januari ikipiga bati lake humsikii hata mtu uliyekaa naye bega kwa bega. Nilidhani ndani kuna picha za viongozi na mikuki miwili mitatu. Nilipostaafu nilikaa nyumbani wiki mbili, nikagombeza kuku, nikamgombeza mama yangu, na wiki ya tatu mama akaniambia nitoke nikatafute watu wengine wa kugombeza.

Basi nikaenda makumbusho.

Mtunzaji wake ni bwana wa makamo aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani, na tangu alipofika hajavua koti. Hata mwezi wa kumi, jua likiwaka, yeye amefunga vifungo mpaka shingoni na kulalamikia upepo wa Ufipa. Vitu vyake anavijua. Ukimwonyesha jembe la kale atakwambia chuma chake kiliyeyushwa katika tanuru la namna gani. Asichokijua ni watu. Alikuwa ameanzisha mazungumzo ya wazi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na siku ya kwanza, mada ikiwa matanuru ya chuma ya wazee wetu, walikuja watu saba, wawili kati yao wakiwa wamekimbia mvua. Nilisoma tangazo lake mlangoni nikamwambia ukweli: limeandikwa kama wito wa mahakamani. Nani atatoka nyumbani Jumamosi kwa wito wa mahakamani?

Kazi ya kuita watu nikaichukua mimi. Nilisimama nje ya kanisa baada ya misa, nikazunguka sokoni, nikaongea na vijana wa bodaboda, maana wao ndio redio ya mji huu. Miezi michache baadaye tulikuwa na siku ya pombe ya ulezi, na watu walijaa mpaka uwanjani, wengine wakiwa na vikombe vyao kabisa. Kabla ya hapo alikuja mvuvi kutoka Wampembe, akafundisha kushona nyavu, halafu akabishana na kina mama saa nzima kuhusu namna ya kupika migebuka. Alikuja pia mfugaji mmoja Msukuma, anayeishi huko bondeni na ng'ombe wake, akawafundisha watoto majina ya rangi za ng'ombe. Wakulima ambao siku nyingine wangekuwa wanamlaumu kwa mashamba yao kukanyagwa walikaa kwenye mabenchi wakamuuliza maswali kwa adabu. Nilisimama mlangoni nikawatazama wote, na sioni haya kusema nilijivuna. Miaka yote niliyofundisha sijawahi kupata darasa linalokaa kimya namna ile bila fimbo.

Ila ninayotaka kuyasimulia yalianza siku ile ya ulezi, na yanamhusu mama yangu.

Mama ana zaidi ya miaka themanini. Kwao ni Mwazye, na huko ndiko alikoolewa na kutuzaa. Baba alipofariki nilimleta mjini kukaa nami. Siku ya ulezi alikuja kuhakikisha kwamba pombe yetu imepikwa inavyotakiwa. Akaonja, akakunja uso kidogo, akasema inanyweka. Kisha akapotea. Nilimkuta chumba cha vyungu, amevuka kamba ambayo mtunzaji ameifunga kuzuia watu, amesimama mbele ya kabati la tatu, mkono umezama ndani ya shingo ya mtungi mmoja mkubwa mpaka kwenye kifundo. Sikuangalia ni mkono upi. Kwa nini ningeangalia?

"Mama! Vitu hivi havishikwi!"

Hakuutoa mkono. Alikuwa anapapasa kitu humo ndani, taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemkuta mbuzi wake kwenye zizi la jirani.

"Huu ni wangu," akasema kwa Kifipa. "Niliufinyanga mimi."

Akanieleza. Aliufinyanga mimi nikiwa bado mgongoni, mwaka ambao parokia ilikuwa na sherehe kubwa na kila kijiji kikapeleka pombe. Mtungi ulikwenda umejaa, haukurudi. Ulibaki stoo ya misheni miaka na miaka, na vitu vya stoo ile ndivyo vilivyoletwa makumbusho. Haya yote yaliingia akilini. Tatizo lilikuwa kile kikaratasi kilichobandikwa chini ya mtungi.

Mama husoma kitabu cha sala chenye maandishi makubwa, lakini maandishi madogo yanamshinda. Akaniuliza pameandikwaje. Nikasoma kimoyomoyo: Mtungi wa pombe. Mfinyanzi hajulikani. Mtindo wa kigeni. Huenda uliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa.

"Pameandikwa mtungi wa pombe," nikamjibu, na ukweli wangu uliishia hapo.

Nilimfuata mtunzaji uwanjani, nikamvuta pembeni kwa mkono wa koti lake. Hakukasirika. Alinirudisha kabatini akanionyesha mitungi mingine yote ya Ufipa aliyo nayo, kumi na mmoja. Kila mmoja una michirizi begani, mistari mifupi iliyochorwa kabla udongo haujakauka, na kwenye mitungi yote kumi na mmoja mistari ile inalala upande mmoja, ncha ya chini ikielekea kushoto. Kwenye mtungi wa mama ncha zilielekea kulia.

"Unaona, Mwalimu? Hakuna mfinyanzi wa hapa anayechora hivi. Nimeangalia mpaka vigae vilivyovunjika." Aliona fahari kwa ugunduzi wake, na kusema kweli, ulikuwa ugunduzi mzuri.

"Mama yangu anasema ni wake."

Akavuta pumzi. "Mwalimu, wiki iliyopita mzee mmoja amesema ile ngoma ni ya babu yake. Kile kigoda kina wenyewe watatu, na hawajuani. Jina la mtu siwezi kuliandika kwa neno tu. Nikiliandika, litakaa hapo hata sisi tukiwa hatupo."

Nilichukia. Nilichukia zaidi kwa sababu alikuwa na haki.

Ila si mtu mbaya. Alifikiri kidogo, akasema mazungumzo ya mwezi unaofuata yanahusu ufinyanzi, na mama mmoja wa Kalambo aliyekuwa aje kuonyesha kazi ametuma ujumbe kwamba anaumwa. "Mlete Bibi afinyange mbele ya watu. Tutaona michirizi yake inalala wapi. Ikilala kama hii, naandika jina lake siku hiyohiyo."

Nilirudi nyumbani na habari hiyo nikidhani nimebeba zawadi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Siendi," akasema.

"Kwa nini?"

"Mikono imechoka."

Kesho yake asubuhi, mama mwenye mikono iliyochoka alijitwika ndoo ya maji kutoka bombani kwa jirani, kwa kuwa letu lilikuwa halitoi, akaongeza ya pili. Nikajua ananificha jambo. Nikahisi najua jambo lenyewe, ambalo mimi na mtunzaji tulilisahau: mwiko.

Tulipokuwa watoto mama alifinyanga ndani ya kibanda nyuma ya nyumba, mkeka umeteremshwa mlangoni. Tuliambiwa mtungi ukitazamwa kabla haujakauka utapasuka motoni. Hakuna aliyesogea. Mdogo wangu wa kiume aliwahi kuchungulia siku moja, na kwa bahati yake mbaya mtungi wa siku ile ukapasuka kweli, akachapwa na baba mpaka majirani wakaja kumwombea msamaha. Tulikua tukiamini hivyo. Si kuamini tu. Mwanzoni kabisa mwa kazi yangu pale makumbusho nilimsimulia mtunzaji habari hiyo kwa madaha yote ya mwenyeji, naye akaiandika kwenye daftari lake: mila ya wafinyanzi wa Ufipa, mtungi mbichi hautazamwi.

Basi nikaona nimjie mama kwa njia hiyo. Ilikuwa asubuhi, tumekaa barazani tunapukuchua maharage. Nikamwambia dunia imebadilika, hata mapadri siku hizi wanaruhusu mambo mengi, na kama ni ule mwiko wa kutazamwa, basi Mungu anajua ni kwa ajili ya elimu. Akanitazama kama ananionea huruma.

"Mwiko gani?"

"Wa mtungi kupasuka ukitazamwa."

Mama akacheka. Alicheka mpaka maharage yakamwagika mapajani. "Mwanangu, mama yangu mimi alifinyanga katikati ya kiwanja, kuku wanapita, watu wanapita. Nani kakwambia habari ya mwiko?"

"Wewe!"

Akaacha kucheka. Akaokota maharage moja moja, akayarudisha kwenye ungo. Hapo hasira zangu zikanitoka mdomoni, nikamwambia kile kikaratasi kinasema nini hasa. Nikamtajia neno kwa neno: hajulikani, wa kigeni, ng'ambo ya ziwa. Sikumpunguzia kitu.

"Ng'ambo?" akauliza. "Mimi natoka ng'ambo ipi? Ziwa lenyewe nimeliona mara mbili."

"Ni kwa sababu ya michirizi. Wanasema hakuna mtu wa Ufipa anayechora hivyo."

Akausogeza ungo pembeni. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele yangu, kiganja juu, akauangalia yeye kwanza kabla yangu.

"Ni huu," akasema.

Nina miaka sitini na kitu, nimekula chakula cha mwanamke huyu, nimelimiwa na kufagiliwa naye, na sikujua kwamba ni wa mashoto. Anakula kwa kulia. Anasalimia kwa kulia. Jembe analishika kama sisi sote, maana hilo alilazimishwa tangu utotoni akazoea. Ni udongo tu uliokataa.

"Udongo haunisikii kwa kulia," akanieleza. "Nilijaribu. Unalala tu. Kwa huu unanyanyuka."

Alipoolewa, mama mkwe wake alimkuta anafinyanga, akampokonya udongo mkononi. Akamwambia mtungi wa mkono wa kushoto ni tusi, kwamba mgeni akinyweshwa pombe kutoka humo amenyweshwa kwa kushoto, na ukoo mzima utasemwa. Ama aache ufinyanzi ama ajifunze kama watu. Mama hakuacha, wala hakujifunza. Aliteremsha mkeka mlangoni, akatunga mwiko. Kwa zaidi ya miaka arobaini Mwazye nzima na vijiji vya jirani walikunywa kutoka mitungi yake, wakaisifu haivuji, wakapanga foleni ya kuagiza mingine, wala hakuna aliyehisi ametukanwa.

Ningependa kusema nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikuwa nafikiria darasa langu.

Mimi nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi kuliko yote mengine. Mtoto akishika kalamu kwa kushoto, kazi yangu ilikuwa kuihamisha. Mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa rula. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo na nilisifiwa. Namkumbuka binti mmoja aliyekuwa anaandika "a" ya mviringo mzuri kwa kushoto, ya kwanza kwa uzuri darasani, na nilipomhamisha "a" yake ikawa kama kiazi. Haikupona mpaka anaondoka darasani kwangu. Nilimwandikia mama yake kwamba mtoto ni mzito. Nimeona aibu nyingi katika maisha, lakini ile ya barazani, na maharage mapajani, ndiyo kubwa kuliko zote.

"Nitakwenda," mama akasema wakati mimi bado nawaza hayo. "Siwezi kufa nikiwa mtu wa ng'ambo. Lakini nitatumia wa kulia."

"Mama, ukitumia wa kulia michirizi haitalala kule."

"Nitajua hukohuko."

Jumamosi ilipofika, mji ulikuwa na jua la baridi, lile linaloangaza bila kupasha joto. Nilikuwa nimeita watu kuliko siku zote na sasa nilitamani nisingewaita. Walijaza mabenchi, wakakaa kwenye ukuta mfupi wa nyuma, akina mama na watoto mgongoni, wazee wa parokia, vijana wa Katandala na simu zao tayari. Yule mfugaji wa bondeni alikuja na wake zake wawili wakakaa mbele kabisa. Udongo tulikuwa tumeletewa na shemeji kutoka Mwazye, mahali mama alipoelekeza, na mama mwenyewe alikuwa ameuponda na kuuchanganya na vigae vilivyosagwa kwa siku mbili. Kuuponda hakuna mkono. Kazi hiyo aliifanya uani mbele ya kila mtu, na alikuwa na furaha.

Mtunzaji alisema maneno machache, koti limefungwa. Kisha mama akapiga magoti, akawasalimia watu kwa kupiga makofi taratibu kama wanavyosalimia kwao, akaweka bonge la udongo ndani ya kigae kipana, akalitoboa katikati kwa ngumi.

Alianza kwa kulia.

Wafinyanzi wa kwetu hawana gurudumu. Mtungi unakaa, mtu ndiye anayezunguka. Mama aliinama akaanza kuzunguka huku akivuta kuta za udongo juu, na tangu hatua ya kwanza nikaona anajikwaa. Ukuta mmoja ukawa mnene, mwingine mwembamba. Ulipofika kimo cha shubiri ukaanza kulegea, ukainama nje, ukalala. Watu wakaguna kwa heshima. Mtu nyuma akasema uzee jamani, hakusema kwa ubaya. Niliona mtunzaji anaangalia chini, na sikumpenda kwa huruma yake.

Mama akaunyanyua udongo wote, akaukanda upya. Akaanza tena kwa kulia. Ukalala tena.

Nilijiambia nikimtoa pale nitakuwa nimemwokoa, nikapiga hatua moja mbele. Mama akanyanyua kichwa akaniona. Sijui aliona nini usoni kwangu, pengine aliona yule mwalimu na rula yake, maana alinikazia macho kama vile anataka niwe shahidi. Kisha akanawa mikono kwenye beseni, akaikung'uta, akaingiza mkono wa kushoto kwenye udongo.

Mzee mmoja wa parokia, mtu mzuri anayejua taratibu zote, hakuweza kuvumilia. "Bibi! Mkono, Bibi!"

Mama hakusimama. "Wa kulia ni wa salamu, baba," akajibu. "Huu ni wa kazi."

Watu wakaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka, na kicheko kilipokwisha ukuta ulikuwa umeshapanda. Alizunguka upande ambao wafinyanzi wengine hawazunguki, kinyumenyume, miguu peku, bila kutazama anapokanyaga. Mgongo ule ambao asubuhi huniambia nimsaidie kuinuka ulikuwa umeinama na haukuomba msaada wa mtu. Tumbo la mtungi likatokea, bega likatokea, shingo ikabanwa. Sikuwahi kumwona mama yangu akifinyanga. Nililia mbele ya watu wote, tena kwa sauti, na kama kuna mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwepo, namruhusu asimulie.

Mwisho akachukua kibanzi cha ubua wa mtama, akachora michirizi begani. Chap, chap, chap, akizunguka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ncha zote zilielekea kulia.

Mtunzaji aliingia ndani. Alirudi ameukumbatia mtungi wa kabati la tatu, yeye asiyeruhusu hata mbu kuugusa, akauweka chini pembeni ya ule mbichi. Watu wakasogea. Mkubwa na mdogo, wa zamani na wa leo, michirizi ileile. Yule mfugaji akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kutambua mali, "Huyu ni ndama wa ng'ombe huyu." Hata kama angelipwa asingeweza kusema vizuri zaidi.

"Bado," mama akasema. Akamwita mtunzaji kwa kidole chenye udongo. "Ingiza mkono humo ndani ya shingo, mwanangu. Pale ninaposhikilia nikigeuza mdomo, gumba langu linabaki. Litafute."

Alikunja mkono wa koti kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaingiza mkono wa kulia. Akapapasa. "Naona kibonyeo, lakini gumba halikai."

"Weka mwingine."

Akatoa wa kulia, akaingiza wa kushoto. Nilikuwa namtazama usoni. Uso wake ulibadilika, akabaki ameinama vile, mkono ndani ya mtungi, kwa muda ambao kwa mtu wa ofisi ni mrefu. "Limekaa," akasema. Makofi yalianza kwa wake wa mfugaji, yakaenda nyuma mpaka ukutani, na vijana wakapiga miluzi. Foleni ya kuingiza gumba ilichukua saa nzima, maana baada ya hapo hakuna aliyekumbuka habari ya vitu kutoshikwa.

Mtungi mdogo tuliuacha ukauke kivulini pale makumbusho wiki tatu, mlango wazi, watoto wa shule wanapita na kuutazama. Siku ya kuuchoma mfugaji alileta mavi makavu ya ng'ombe magunia mawili kutoka bondeni, akasema hakuna moto wenye subira kama huo. Mdogo wangu wa kiume naye alisafiri kutoka Mwazye makusudi, yule aliyechapwa kwa kuchungulia. Sasa ni mzee mwenye mvi. Alivuta kigoda mpaka karibu kabisa na moto, akakaa akaukodolea mtungi macho tangu moto unawashwa mpaka majivu yanapoa. Ulipotolewa mama akaugonga kwa kidole, ukalia safi. Haukuwa na ufa hata mmoja. Mdogo wangu akamgeukia mama, akasema, "Nadai viboko vyangu." Mama akamwambia akamdai baba yake, atamkuta huko mbele.

Mtunzaji alifungua daftari lake, akatafuta ile mila ya wafinyanzi wa Ufipa, akaikata kwa mstari. Akaniangalia mimi mtoa habari. Nikaangalia kwingine.

Kisha akaleta karatasi nene nyeupe na kalamu ya wino, akasema kwa kuwa mimi ni mwalimu na mwandiko wangu ni mzuri, maelezo mapya niyaandike mimi. Tulikaa mezani chumba cha vyungu, mama kwenye kiti pembeni yangu. Nikaandika: Mtungi wa pombe. Nikaandika jina la mama, majina yote mawili, lile la ubatizo na lile la kwao. Jina hilo silitaji hapa. Liko ukutani, anayelitaka aje alisome. Nikaandika kijiji chake. Nikamsomea, nikaweka kalamu chini.

"Bado kitu," mama akasema.

"Kipi?"

"Andika na mkono."

Mtunzaji akasema si kawaida, maelezo ya vyungu hayaandikwi hivyo. Mama alinitazama mimi. Nikaokota kalamu. Miaka yote ile nimeandika maneno hayo kwenye ripoti za watoto kama kosa la kurekebishwa. Nikaandika polepole, herufi kubwa, mwandiko wa ubaoni, kila "a" ya mviringo: Umefinyangwa kwa mkono wa kushoto.